Ubeti wa Thelathini na Moja

Insha yangu iliyopata A ndiyo inayoniuma mpaka leo. Kurasa tisa, nimeziandika nikiwa na akili zangu timamu, nikieleza kwamba "mgeni wa siku chache" ni utawala wa Hispania unaofungasha virago, kwamba mkate ni katiba ambayo bado ina moto wa tanuri, na kwamba kifua kinachovuja ni nchi iliyochomwa mkuki. Profesa Haldane aliandika pembeni kwa wino wa kijani: "Umesoma kama msomi hasa." Nikaipiga picha nikamtumia mama. Mama akaisambaza kwa ukoo mzima.

Naitwa Ninfa Trujillo. Kwetu ni Ojo Hondo, kaskazini ya New Mexico, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka chuoni. Somo lenyewe liliitwa Fasihi ya Mwanzo ya Amerika na ya Walatino, na hicho kipande cha "na ya Walatino" kilibandikwa baadaye, baada ya wanafunzi waliotutangulia kuandamana. Wiki sita tulisoma mahubiri ya Waingereza waliokuwa wakiogopa misitu. Wiki ya saba ndipo tukafika kwetu, na kwetu kote kulikuwa kitabu kimoja: Daftari la Haldane.

Ndiyo, alilipa jina lake. Ni mkusanyo wa nyimbo za mateso ya Yesu, zile ambazo Ndugu, chama cha sala cha wanaume wa vijiji vyetu, huimba wakati wa Kwaresima bila zeze wala ngoma, sauti tupu. Mwishoni pana sahihi: Ndugu Irineo Lucero, mwaka 1811. Haldane alilichapisha pamoja na maelezo yake ya kurasa mia tatu, na kitabu hicho ndicho kilichompa uprofesa. Nyimbo karibu zote nilizijua tangu utotoni, maana vijiji vyote vinaimba zilezile, kwa hiyo sikushangaa kuzikuta humo. Ila ubeti mmoja sikuwahi kuusikia. Ulikuwa wa thelathini na moja katika wimbo wa kuaga, na Haldane aliupenda kuliko zote. Aliuweka nyuma ya jalada. Darasani aliusoma amefumba macho:

*Mgeni wa siku chache,*
*ulikuja, hukungoja;*
*mkate haujapoa,*
*kifua changu chavuja.*

"Huyu," alikuwa akisema, "ni mshairi wa kwanza wa siasa katika nchi hii. Mwanamume ambaye dunia haikumjua, mlimani, peke yake, anaona dola linaanguka."

Sisi tulikuwa tunaandika.

Wiki ya kumi alitupeleka maktaba, kwenye chumba cha nyaraka za kale, ili tulione daftari lenyewe. Mtunzaji wake, Bi Ardith, mwanamke mrefu wa maneno machache, alitunyang'anya kalamu zote za wino, akatugawia penseli na glavu nyeupe. Mikoba tukaifungia kabatini. Kisha akaleta sanduku la kijivu, akalifungua polepole, akaliweka daftari juu ya mto mdogo.

Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Nikainama. Mwili wangu ukajua kabla yangu.

Ile M yenye mkia uliopinda chini. Ile a ambayo haijafungwa juu. Mwandiko ule umekuwa kwenye chupa za pilipili kavu jikoni kwetu, kwenye kadi zangu zote za siku ya kuzaliwa, na kwenye barua niliyokuwa nayo kabatini siku ileile, inayoniuliza kama ninakula vizuri.

"Huu ni mwandiko wa Nana wangu, bibi yangu mzaa mama," nikasema.

Tavo, mtani wangu kutoka El Paso, akanifinya kiwiko. "Ninfa, meza maneno. Alama bado hazijatoka."

"Nakwambia ni wa Nana!"

Haldane akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemngoja mtoto amalize kusoma sentensi. "Basi Nana wako angekuwa na zaidi ya miaka mia mbili."

Darasa likacheka. Wote kumi na wanane, na Tavo naye, ingawa yeye alijifanya anakohoa.

"Ana themanini na nne," nikasema, "na bado anapasua kuni mwenyewe. Profesa, kwetu daftari likichakaa linanakiliwa. Anayenakili ananakili vyote, na jina na tarehe ya mwanzo vilevile. Jina lake mwenyewe haliweki, ni majivuno. Huo mwaka 1811 ni wa daftari la kwanza kabisa. Hili limenakiliwa juzi juzi tu."

"Karatasi imepimwa, Ninfa. Ni ya zama zile."

"Na wino?"

"Wino hatuwezi kuupima bila kuuharibu." Sasa tabasamu lilianza kukauka. "Na tena Undugu ule haukuwa na wanawake. Iko sura ya pili. Nadhani umeisoma."

"Nimeisoma. Imekosewa."

 Haldane akavua miwani, akaifuta, akairudisha, halafu akasema kwa upole, upole mbaya kuliko kofi: "Hasira si hoja. Ukinipatia ushahidi, nitausikiliza. Hivyo ndivyo usomi unavyofanya kazi. Anayefuata?"

Anayefuata akainama. Mimi nikatoka na glavu zao mkononi. Kabati langu nililikosea ufunguo mara tatu.

Jumamosi asubuhi niliendesha mpaka Ojo Hondo bila kuwasha redio. Nana Crescencia alikuwa mezani jikoni, anachambua maharage, mawe madogo huku, maharage huku. Hata busu sikumpa. Nikakibwaga kitabu cha Haldane mbele yake.

"Shikamoo hakuna?" akauliza. "Chuo kimekufundisha kuingia nyumbani kama mgambo?"

"Nana, lile daftari lako lililopotea. Ulimpa nani?"

Akaacha kuchambua. Suala la daftari lile nililijua kwa juujuu tu. Nilikuwa na miaka sita lilipoondoka, na tangu hapo Ndugu wanaimba kwa fotokopi ya daftari la kijiji cha jirani.

"Sikumpa mtu," akasema. "Niliazimisha. Alikuja kijana mmoja wa chuo, mweupe, ana adabu. Akala bakuli tatu za maharage, akasifia pilipili yangu huku machozi yanamtoka. Akasema wiki mbili tu, anataka kulisoma. Nilimwambia si langu, ni la Ndugu. Akasema, mama, wiki mbili." Akachukua harage, akaliangalia, akalirudisha. "Hizo wiki mbili zina miaka kumi na tano."

"Na aliyeliandika ni nani?"

Nana akatazama mlango, utadhani mtu amesimama barazani. Nchi yote ni yetu na wazi, jirani wa karibu ni nusu maili, lakini alipunguza sauti. "Mwaka 1961 karani wa Ndugu alikuwa amepofuka macho. Daftari la zamani lilikuwa limeliwa na panya, na mimi ndiye pekee hapa niliyesomeshwa na masista, nina mwandiko. Walinijia kimyakimya. Mwanamke kushika daftari la Ndugu, haikuwa jambo la kutangaza. Karatasi baba yangu alizitoa nyumba ya padri, zilikuwa tupu, za kale, zimesahauliwa kwenye sanduku. Nikaandika miezi mitatu."

"Basi!" Nikapiga meza, maharage yakaruka. "Ndiyo ushahidi huo! Nana, huyo mtu amekula uprofesa kwa mwandiko wako! Amelibandika jina lake! Na mimi amenifanya kichekesho mbele ya—"

"Punguza. Maharage yangu hayajakukosea."

Lakini sikupunguza. Nikafungua kitabu nimwonyeshe jinsi mtu alivyoweza kuwa mjinga kwa kurasa mia tatu. Nikamsomea sura ya pili, isemayo kwamba mwanamke asingeweza kuandika hivi. Nana akacheka kwa pua. Nikamsomea ya tatu. Nikafika ya nne, nikasoma ubeti wa thelathini na moja kwa sauti ya kejeli, nikimwigiza Haldane na macho yake yaliyofumbwa.

Nilipofumbua, Nana alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Ulikuja, hukungoja," akasema taratibu. "Ndiyo. Huo ndio mstari ulionipotea. Nimeutafuta miaka mitano. Kichwa hiki kimekuwa gunia lililotoboka."

Hapo ndipo aliponieleza kitu ambacho mama yangu, bintiye wa kumzaa, hajui.

Kabla ya mama yangu alikuwepo Delfino. Aliishi siku kumi na moja. Alikufa asubuhi ya siku ya kuoka, mikate ikiwa bado kwenye tanuri la udongo nje, na Nana alipotoka kuitoa ilikuwa mizuri kuliko aliyowahi kuoka maishani. Kwetu mtoto mchanga akifa ni malaika, na malaika haombolezwi. Wanamvika maua ya karatasi, wanakunywa chokoleti ya moto, wanampongeza mama. Mama akilia, wanamwambia anamlowesha mabawa, hataweza kuruka. Katika mazishi, wimbo wa kuaga huimbiwa watu wazima tu.

"Basi sikulia," Nana akasema. "Walinikodolea macho wote, sikulia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Lakini mwili haujui habari za malaika, mwanangu. Maziwa yalikuja vilevile, kila saa yake. Na daftari lilikuwa mezani, nimefikia wimbo wa kuaga. Beti thelathini. Nikaongeza mmoja."

"Uliongeza."

"Haikubaliwi. Anayenakili haongezi. Naijua dhambi yangu, usinikumbushe. Tone la maziwa lilianguka pale pale juu ya karatasi, nikalifuta kwa kidole." Akaonyesha kidole chenyewe. "Ijumaa Kuu nilikaa nje ya dirisha la nyumba ya sala, nakoroga chungu cha Ndugu. Wakaimba mpaka wakafika. Wanaume thelathini walimwimbia mwanangu, na hakuna aliyejua. Kila mwaka, mpaka yule kijana alipokuja na njaa yake."

Nilitafuta ukurasa kwenye kitabu. Sikutaka, mkono ulienda wenyewe. Maelezo ya chini, namba hamsini na nane: *Doa dogo upande wa kulia, bila shaka nta ya mshumaa.*

Nitasema ukweli: nilitaka kumpiga mtu. Na wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepewa A kwa kumwita mjomba wangu utawala wa Hispania.

"Nitaandika gazetini," nikasema. "Nitawapelekea wakuu wa chuo. Nitamvua nguo yule mtu hadharani."

"Utafanya hayo yote, halafu daftari litakaa wapi?"

"Nana, hoja ni—"

"Hoja ni yako. Mimi nina mtoto mmoja hana picha. Msalaba wake ulikuwa wa mbao, umeoza tangu zamani. Kilichobaki chake duniani ni karatasi ile." Akasukuma bakuli la maharage pembeni. "Jumatatu utanipeleka."

Jumatatu alivaa gauni la bluu la mazishi na viatu vilivyombana. Bi Ardith alitupokea mlangoni, akasema kanuni zake: kila mgeni aandike kwenye kitabu cha wageni jina lake na sababu ya kuja. Akampa Nana penseli. Nana akaandika taratibu, kwa mkono wake uleule. *Crescencia Trujillo. Mimi nimekuja kulichukua nililoliazimisha.*

Bi Ardith alisoma. Akaangalia ile M. Akaliangalia sanduku la kijivu nyuma yake kwenye rafu, akarudi kwenye ile M. "Sanduku hili siruhusiwi kulifungua bila kumwarifu Profesa Haldane," akasema hatimaye. "Ngojeni nimpigie."

Haldane alifika baada ya dakika kumi, anatweta kidogo, na tabasamu lake tayari. Hakumtambua. Ni hilo lililonikata maini. Alimpa mkono Nana, akainama kama anavyoinamiwa mzee asiyesikia vizuri.

"Karibu sana, mama. Ninfa ni mwanafunzi wangu mwenye moto sana! Ndiyo mara ya kwanza kufika chuoni?"

"Mara ya kwanza," Nana akasema. "Wewe kwangu ulishafika. Ulikula bakuli tatu."

Nikaona rangi inavyopanda kutoka kwenye kola ya shati lake. Akamwangalia tena, safari hii kweli. "Ojo Hondo," akasema. "Bila shaka. Mama, mimi... ulinipa lile daftari, ulikuwa ukarimu mkubwa mno—"

"Wiki mbili."

"Nilielewa kwamba—"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, baba. Wewe umetembea nayo miaka kumi na tano, hujasikia upepo?"

Bi Ardith aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika mara moja tu.

Haldane akavuta kiti, akakaa, akaanza kuongea haraka. Kwamba hili ni jambo la kusisimua. Kwamba kama kweli ni nakala, basi ni nakala ya kitu cha kale zaidi, na hoja yake kuu inabaki palepale. Kwamba angependa kumhoji Nana, kumrekodi, na kwamba katika toleo la pili angetajwa kwa jina kamili katika maelezo ya chini.

"Maelezo ya chini!" nikapaza sauti. "Umemwibia, umemfuta, umeandika sura nzima kwamba hakuwepo, na sasa unampa nafasi miguuni pa ukurasa?"

"Ninfa, tuheshimiane."

"Nani amheshimu nani? Uliniambia hasira si hoja. Hoja hii hapa, imevaa gauni la bluu! Isikilize!"

"Ninfa," Nana akasema. "Umesema vizuri. Sasa kaa, ni zamu yangu."

Nikakaa. Akamgeukia Bi Ardith, akaomba alione daftari. Bi Ardith alimwangalia Haldane. Haldane akatikisa kichwa kukubali, nadhani alifurahi kupata mahali pa kutazama. Sanduku likafunguliwa. Nana alipopewa glavu alizirudisha. "Nililiandika kwa mikono mitupu," akasema, na Bi Ardith hakubishana naye. Akafunua kurasa pasipo kutafuta, akasimama alipotaka kusimama.

"Profesa, mimi sikusoma sana," akasema. "Nieleze ubeti huu unasema nini."

Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Lakini mtu aliyezoea kufundisha ukimwuliza swali umemtega. Haldane akajisogeza mbele. Akamweleza, kwa sauti nzuri, ile aliyotueleza sisi: mgeni ni dola, mkate ni sheria mpya, na mwandishi ni mwanamume aliyesimama kati ya zama mbili. Alieleza vizuri. Hata nikiwa nimekasirika niliona jinsi hoja ilivyojengwa, tofali juu ya tofali, hewani.

"Na kifua?" Nana akauliza.

"Kifua ni nchi yenyewe. Kinavuja damu, kama ubavu wa Kristo. Ni taswira nzito sana."

Nana akamwangalia Bi Ardith. "Binti, una watoto?"

"Wawili."

"Kifua cha mwanamke kinavuja nini?"

 Bi Ardith alisogea akausoma ubeti ule juu ya bega la Nana, kitu ambacho nadhani alikuwa amekifanya mara mia kwa kazi yake. Mkono wake ukapanda ukafunika mdomo.

"Maziwa," akasema. "Mungu wangu. Ni maziwa. Mtoto amekufa."

 Nilimwona Haldane akirudi nyuma kichwani mwake, sura baada ya sura, akitafuta mahali pa kushika. Nana hakumngoja. Alilaza kiganja cha kushoto juu ya daftari, na kwa mkono wa kulia akaivuta ile karatasi. Haikuwa kelele kubwa. Nyuzi za mshono zilikuwa zimelegea, ikatoka yote kamili, na yeye akaikunja mara mbili akaitia ndani ya gauni, kifuani.

"Mama!" Haldane alisimama hata kiti kikaanguka. "Huwezi! Hiyo ni hazina ya taifa! Hiyo ni ya mwaka 1811!"

"Hizo nyingine, labda," Nana akasema. "Hizo ni za Ndugu, watakuja kuzidai wenyewe, na wao hawana upole wangu. Hii niliongeza mimi. Hii haina mwenyewe mwingine."

"Ardith, waite polisi."

Bi Ardith akanyanyua simu ya mezani, akaishika. Kisha akakivuta kitabu cha wageni mpaka mbele ya Haldane, akakigeuza kimwelekee, ule mstari wa penseli ukiwa juu. Pembeni yake akaliweka daftari wazi.

"Watataka kujua nini kimechukuliwa," akasema. "Niwaambie karatasi ni ya nani?"

Haldane alisoma jina la Nana. Akasoma ukurasa uliobaki. Akarudia tena, kidole chake kikienda kutoka M moja hadi nyingine, bila glavu, amesahau.  Nilikuwa na maneno ya wiki nzima, nimeyanoa njia nzima, na sikuhitaji hata moja, na hilo lenyewe lilinikasirisha.

"Weka simu," akasema.

Bi Ardith akaiweka.

Nana alikuwa ameshanyanyuka, anatafuta mkono wangu kwa sababu ya vile viatu. Tulifika mlangoni Haldane alipoita. Sauti ilikuwa nyingine, ndogo. Alikuwa ameshika penseli, na mbele yake kulikuwa na karatasi tupu. Nitamtendea haki: macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, tafadhali. Mtoto. Aliitwa nani?"

Nana akageuka. Akamtazama mtu huyo, penseli yake, karatasi yake, bila haraka yoyote.

"Umemla mwanangu miaka kumi na tano," akamwambia. "Bado una njaa?"

Akakaza mkono wake kwenye mkono wangu, tukatoka.